Mjadala: Wanawake wengi wanasema ukeketaji ukome. Mbona bado ni wao wanaomshika binti?

Mleta mada

Ndugu zangu, hoja hii imenikaa moyoni siku nyingi. Naomba tuijadili kwa staha, maana humu wamo waliopitia kisu wenyewe.

Kila matokeo ya utafiti wa afya yanapotoka, watu hukimbilia namba moja tu: wangapi wamekeketwa. Kenya ilikuwa asilimia 38 mwaka 1998, ikashuka hadi 21 mwaka 2014, na 15 mwaka 2022. Tanzania ilikuwa 18 mwaka 1996, na mwaka 2022 ikawa 8. Ni habari njema, sizibezi. Lakini kwenye dodoso lile lile kuna swali jingine ambalo halizungumzwi sana: mwanamke huulizwa kama angependa mila hii iendelee au ikome. Kenya na Tanzania, walio wengi mno husema ikome, na waliokeketwa wenyewe wamo humo. Burkina Faso inashangaza zaidi. Mwaka 2010 wanawake waliokeketwa huko walikuwa kama 76 katika kila 100, ilhali waliotaka mila iendelee hawakufika 10.

Sasa nauliza. Kama ni hivyo, nani anamwita ngariba? Anayemwita ni mama, au bibi, au shangazi. Anayeshika miguu ya mtoto ni mwanamke.

Maoni yangu ni haya. Akina mama hawasemi uongo. Karani wa utafiti anamuuliza mwanamke akiwa peke yake, naye anajibu la moyoni: anakumbuka damu, anakumbuka uzazi wake ulivyokuwa. Siku ya binti ikifika hayuko peke yake tena. Kuna mama mkwe, kuna wifi, kuna mahari inayosubiriwa, kuna wasichana wa rika moja wanaomcheka binti yake kisimani. Kwa Wakisii binti asiyekeketwa huitwa *egesagane*, na neno hilo linaweza kumfuata hadi kwenye ndoa. Mama anapiga hesabu: maumivu ya wiki chache, au aibu ya maisha? Anachagua akiwa analia. Kwa hiyo nadhani tunapoteza nguvu nyingi kuwaelimisha akina mama mmoja mmoja juu ya madhara wanayoyajua kuliko sisi. Nani anapinga?

Mchangiaji wa kwanza

Napinga mimi, na ni mwanamke mtu mzima niliyekeketwa. Mnatuzungumzia kama vile hatuna akili. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi kule Meru, Kenya, walipiga marufuku mila hii, utawala wa Kiingereza ukiwa nyuma yao. Wasichana wakafanya nini? Walikeketana wenyewe kwa nyembe. Wakaitwa *Ngaitana*, maana yake nitajitahiri mwenyewe. Hakuna mama mkwe aliyewashika miguu hao.

Kuna daktari Mkenya, Tatu Kamau, aliyekwenda mahakamani kudai kwamba mwanamke mzima aachiwe uamuzi wa mwili wake. Mahakama Kuu ikamkatalia Machi 2021. Lakini katika nchi tajiri mwanamke analipa daktari ampunguze sehemu zake za siri kwa ajili ya urembo, na hakuna anayemfunga. Mtoto asiguswe, hapo niko nanyi kabisa. Mtu mzima mnamzuia kwa kigezo gani?

Mchangiaji wa pili

Salaam. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi kliniki ya watoto katikati ya Tanzania. Ningependa tuziangalie hizo namba tena kabla ya kushangilia.

Kwetu huku binti hafiki umri wa kushinikizwa na rika. Anakeketwa akiwa mchanga. Sababu inayotajwa ni lawalawa, yaani mtoto kuwashwa na kutoa uchafu sehemu za siri. Ni maambukizi ya kawaida, yanatibika kwa usafi na dawa, lakini wazee waliamini tiba yake ni kukata. Utafiti wa 2015–16 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya wanawake waliokeketwa Tanzania walifanyiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Bibi anamwogesha mjukuu mlango umefungwa, na hakuna ngoma wala karamu. Jirani hajui.

Na wanaohesabiwa kwenye namba zenu ni wanawake wa miaka 15 hadi 49. Msichana mdogo kabisa aliyeulizwa mwaka 2022 alizaliwa 2007 hivi. Kichanga kinachokatwa leo kitaonekana kwenye namba hiyo baada ya miaka 15, tena kama atajua kuwa alikatwa na kama atathubutu kusema. Huko Navrongo, kaskazini mwa Ghana, watafiti waliwarudia wanawake wale wale. Waliokiri mwaka 1995 kwamba wamekeketwa, 13 katika kila 100 walikana mwaka 2000. Katikati hapo sheria ya kukataza ilitekelezwa na kampeni zikafanyika.

Mchangiaji wa tatu

Sisi wanaume tunajificha nyuma ya "hayo ni mambo ya kina mama." Guinea, ambako karibu wanawake wote wamekeketwa, tafiti zimeonyesha wanaume wanaotaka ikome ni wengi kuliko wanawake. Lakini mke anadhani mume anataka, mume anadhani mke anataka, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Kila baba hapa aseme leo kwa mkewe kwamba binti yao hatakatwa. Ni hilo tu.

Mleta mada

Asanteni sana. Nianze na dada yangu mchangiaji wa kwanza, maana hoja yake ni nzito na sitaki kuipita juu juu.

Ngaitana ni historia ya kweli, na mimi naisoma hivi: amri ilitolewa na wanaume, wanawake hawakuulizwa, na wasichana waliona wanaporwa utu uzima wao. Ukiondoa kisu bila kuacha njia nyingine ya binti kuhesabiwa mwanamke, atakitafuta mwenyewe. Lakini wengi wao walikuwa wasichana wadogo waliohofia kubaki watoto milele machoni pa rika lao. Uhuru unaoutaka siuoni hapo.

Kuhusu mtu mzima: kifungu cha sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 kinawalinda walio chini ya miaka 18. Kenya, kwa sheria ya 2011, ridhaa si utetezi kwa umri wowote. Zamani nilidhani Kenya imezidisha. Nimebadilika kwa sababu ya wake walioolewa bila kukeketwa, ambao ukweni wanawaandama mpaka wanakubali wakiwa na watoto wawili, watatu. Mwanamke huyo "anaridhia", ndiyo. Sheria ya Kenya ililiona jambo hili, ndiyo maana inamwadhibu pia anayemtukana mwanamke kwa kuwa hajakeketwa: kifungo kisichopungua miezi 6 au faini isiyopungua shilingi 50,000. Kwangu mimi hicho ndicho kifungu chenye busara kuliko vyote, kwa sababu kinagusa kile mama anachokiogopa. Hoja yako ya upasuaji wa urembo sina jibu la kuniridhisha. Naona ni undumakuwili na nakubali uudhike.

Ndugu yangu wa tatu, baba mmoja kusema kwa mkewe ni vizuri, ila binti ataolewa nje ya nyumba hiyo. Senegal waliligundua hili mapema. Kijiji cha Malicounda Bambara kilitangaza kuacha mwaka 1997. Imamu mmoja, Demba Diawara, akasema haitoshi, kwa sababu watoto wetu huoana na wa vijiji vya jirani. Akaenda kwa miguu kijiji hadi kijiji kuzungumza na ndugu. Mwanzoni mwa 1998 vijiji 13 vikatangaza pamoja. Anayeacha peke yake anamponza binti yake. Wakiacha wote siku moja hakuna wa kuchekwa.

Lakini muuguzi amenitikisa. Hesabu yangu yote imesimama juu ya aibu mbele za watu. Kama kinachofanyika ni siri ya bibi na kichanga, tamko la hadhara litamfikiaje? Mama muuguzi, umewahi kumwona bibi akikataa mbele ya wenzake?

Mchangiaji wa pili

Nimemwona mmoja. Siku ya kupima watoto alisimama akasema alikata wajukuu wawili kwa ajili ya lawalawa, na wa pili aliendelea kuwashwa vile vile mpaka alipopewa dawa hapo kliniki. Hakusema zaidi, alikaa akajifunika kanga. Wiki iliyofuata wake za wanawe walileta watoto watatu, na mmoja wa jirani.