Akiba ya uzeeni: mwenye mshahara anapunguziwa kodi, fundi anayejitegemea hapati kitu. Hadi lini?

Ndugu wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira, lakini hesabu ninazo. Zote ni za mwaka wa kodi 2024, kwa sheria zilizokuwepo mwaka ule, kwa franka za Kongo.

Chukueni mwenye mshahara wa 1,000,000 kwa mwezi. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inamkata 5%, yaani 50,000. Kodi ya mshahara, ile IPR, haipigwi kwenye milioni nzima. Inapigwa kwenye 950,000: franka 162,000 za kwanza 3%, zilizobaki 15%. Jumla 123,060 (punguzo la watoto sijalitia). Bila kutoa CNSS kwanza, angelipa 130,560. Maana yake Leta (serikali) inamwachia 7,500 kila mwezi, 90,000 kwa mwaka, kwa sababu ameweka 600,000 kwa ajili ya uzee wake. Na mwajiri anaongeza CNSS 13% yake, ingawa si yote ya uzeeni.

Sasa twende kwa fundi wa magari wa Katuba. Akiwa anapokea kati ya milioni 10 na milioni 80 kwa mwaka, sheria 13/006 ya 23 Februari 2013 inamhesabu kama biashara ndogo: 2% ya pesa yote iliyoingia kwa huduma, 1% kwa anayeuza bidhaa. Zimeingia 40,000,000, analipa 800,000. Ameweka 1,200,000 ya uzeeni? 800,000. Hakuweka hata franka moja? 800,000 ile ile! Kodi hii haiulizi umebakiwa na nini. Pango la garaje, vyombo, malipo ya wasaidizi, vyote haivioni, na akiba ya uzee haiioni vilevile.

Kuna wanaosema tudai punguzo kama la wenye mshahara. Pigeni hesabu kwanza, jamani. Ukitoa 1,200,000 kwenye 40,000,000 kabla ya kupiga 2%, unaokoa 24,000 tu, wakati mwenye mshahara kwa nusu ya akiba hiyo anaokoa 90,000. Tukikubali hilo tumepunjwa mara ya pili. Punguzo letu litoke kwenye kodi yenyewe: 15% ya akiba yenye risiti, kwa mfano huu 180,000, fundi abaki na 620,000 ya kulipa. Kiwekwe na kikomo, ili wenye pesa nyingi wasiende kuficha mapato humo.

Ushauri mwingine unaonikera ni huu wa "jiandikishe CNSS kama mfanyakazi wa ndugu yako". Kwanza ni uongo wa karatasi, na siku ya kudai pensheni ndipo watamtafuta huyo mwajiri na vitabu vyake. Pili, hesabu yake ni mbaya: kwa mshahara wa 1,000,000 utatoa 18%, yaani 180,000 kila mwezi, maana sehemu ya mwajiri pia itatoka mfukoni mwako. Kati ya hizo pensheni inapata 100,000 tu. 65,000 ni za posho za familia na 15,000 za ajali na magonjwa ya kazi.

Waliowahi kuajiriwa, kwenye migodi au popote, msitupe karatasi za mshahara wala nambari ya CNSS. Ombeni sasa orodha ya miezi iliyolipwa, mwajiri wa zamani akiwa bado yupo wa kuulizwa. Mwezi uliokatwa kwenye mshahara bila kufikishwa CNSS ni vigumu sana kuuthibitisha baada ya miaka 20.

Na bima za uzeeni? Soko lilifunguliwa na sheria ya 17 Machi 2015, na wauzaji wanapita. Kabla ya kutia sahihi, dai waandike kwenye mkataba: ni franka au dola, gharama zinazokatwa mwanzoni ni kiasi gani, na ukishindwa kulipa mwaka wa 3 unarudishiwa nini. Kumbukeni unalipa kwa pesa iliyokwisha kutozwa ile 2%.

Mwenye hesabu tofauti aiweke hapa, na namba zake zote.