Askari wa zamu ya usiku: kima cha chini cha mshahara Uganda ni shilingi 6,000 kweli?

Askari_Namuwongo:
Ndugu zangu, nalinda ghala Industrial Area, Kampala, saa 12 jioni hadi 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Mshahara 220,000 kwa mwezi. Kila mwezi nakatwa 11,000 za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na 20,000 za sare. Sare yenyewe ilivaliwa na mwenzangu aliyeacha kazi; jina lake bado limo ndani ya kola, kwa kalamu ya buluu. Chumba ni 100,000, na mvua ikinyesha maji ya mtaro yanaingia mpaka chini ya kitanda. Nilipomwomba msimamizi nyongeza, akaniambia sheria inataka 6,000 tu, nishukuru. Ni kweli?

Mama_Chai:
Ni kweli, mwanangu, na inauma. 6,000 kwa mwezi, tangu 1984. Bunge lilipitisha mswada mpya wa kima cha chini Februari 2019, Rais akakataa kuutia saini. Mimi nimeuza chai na kikomando, chapati na maharage, kwenye geti la kiwanda miaka minane. Vijana walilipa deni tarehe 30, jioni ileile wanakopa tena. Pengo la mshahara wao lilijazwa na daftari langu la madeni, wala si na mwenye kiwanda.

Karani_Mstaafu:
Afande, hiyo 6,000 iache, dai saa zako. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema saa 48 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Wewe unafanya 72. Hata wakitoa muda wa kula, wanadaiwa. Piga picha daftari la zamu kila asubuhi, usingoje. Halafu nenda NSSF na kitambulisho, uombe taarifa ya akaunti: tajiri wako lazima aongeze 22,000 juu ya zako, jumla 33,000 kila mwezi. Kwa afisa wa kazi usiende peke yako. Anayekwenda peke yake hufukuzwa.

Askari_Namuwongo:
Asante mzee, asante mama. Nimetoka NSSF leo. Nimefanya kazi miezi 19, iliyopelekwa ni saba. Mtoto wangu alilazwa Machi nikakosa 30,000 za dawa, kumbe pesa zangu wanakaa nazo! Wenzangu watatu wamekuta hivyohivyo. Jumatatu tukitoka zamu tunakwenda wote wanne, na picha za daftari.

Mama_Chai:
Piteni kwangu kwanza mnywe chai. Hiyo siandiki.