Pikipiki ya umeme na mvua za Kampala: maji yanaingilia wapi, na tuyazuieje?

Dereva wa Kalerwe aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaendesha boda ya umeme hapa Kampala, na betri ninayotumia ni ya kubadilishana kituoni: ikiisha chaji naiacha na kupewa nyingine iliyojaa. Miezi ya jua pikipiki hii haikunisumbua hata siku moja, lakini mvua za mwezi huu zimenifanya nilale na mawazo.

Jumanne jioni nilikuwa nampeleka abiria Bwaise. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, ila mtaro wa Lubigi ulikuwa umefurika na maji yalikuwa yametapakaa barabarani, meusi, yenye takataka, hata ukingo wa barabara haukuonekana. Nilikwenda polepole nikilifuata gari la mbele. Maji yalifika kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, na mahali pamoja yaliipita kwa kiasi cha kiganja. Tulivuka salama, nikamfikisha abiria, nikarudi nyumbani. Asubuhi nilipowasha, taa za dashibodi ziliwaka zote na chaji ilikuwa zaidi ya nusu, lakini nilipozungusha mkono wa kasi mota ilinguruma na kutetemeka pale pale bila gurudumu kwenda. Nikiisukuma kwa miguu mpaka ianze kubingirika, inashika na kwenda. Nikisimama tena, inakataa.

Kwenye steji kila mtu ana lake la kusema. Mmoja ananiambia betri imekufa, mwingine kwamba nifunge kila kitu kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na wa tatu kwamba nisiendeshe kabisa mvua inaponyesha, jambo ambalo siliwezi, maana malipo ya mkopo ya kila wiki hayangoji jua. Mke wangu naye anaogopa umeme usije ukanipiga, mimi pamoja na abiria wangu, tukiwa katikati ya maji. Naomba wenye ujuzi mnieleze ni nini kimeharibika, maji yaliingilia wapi, na hofu ya mke wangu ina msingi kiasi gani.

Fundi wa Nateete alijibu:

Pole sana, ndugu. Kwa dalili ulizozieleza, betri yako ni nzima, kwa sababu betri iliyokufa isingewasha dashibodi wala kuiendesha pikipiki baada ya kusukumwa. Ninachokishuku ni sensa za Hall, ambazo ni vidude vidogo ndani ya mota vinavyoiambia kontrola, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, sumaku za gurudumu ziko upande gani. Gurudumu likiwa limesimama, kontrola isiyopata habari hiyo haijui ipeleke umeme kwenye waya upi kati ya zile tatu nene, kwa hiyo mota inatetemeka. Likianza kubingirika, kontrola nyingi zina njia nyingine ya kukisia, ndiyo maana ukiisukuma inashika. Nakusihi usiendelee kuilazimisha hivyo, kwa kuwa kila inapotetemeka mahali pamoja mkondo mkubwa unapita kwenye kontrola, na kontrola ikiungua gharama yake si ya kulinganisha na ya kusafisha konekta, yaani kiungio cha waya.

Kabla ya kushika chochote, zima pikipiki na utoe betri. Kisha ufuate ule mkungu wa waya unaotoka kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma mpaka mahali unapoungana na waya za kontrola. Kwenye pikipiki nyingi ni chini ya kiti au pembeni karibu na mkono wa gurudumu. Utaona waya tatu nene, na konekta ndogo yenye waya tano nyembamba, ambazo kwa kawaida ni nyekundu, nyeusi, njano, kijani na bluu. Ifungue hiyo ndogo na uitazame kwenye mwanga mzuri. Ukiona maji, au unga wa kijani kwenye pini, basi huenda umeupata ugonjwa wote. Isafishe kwa spiriti na mswaki laini, uiache ikauke kabisa, upake grisi maalumu ya viungio vya umeme, halafu uifunge. Ikiwa konekta ni kavu na safi, maji yako ndani ya mota yenyewe, na hapo umwone fundi, kwa kuwa sumaku za mle ndani zina nguvu ya kubana kidole mpaka kivunjike.

Sasa nieleze maji yanavyoingia, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mvua inayotoka juu si adui mkubwa. Mota ya gurudumu ikifanya kazi inapata joto, na hewa iliyo ndani yake inatanuka na kutoka kidogo kupitia kwenye beringi na kwenye tundu la waya. Ukiitumbukiza ghafla katika maji baridi, hewa iliyobaki inasinyaa na kuvuta maji ndani kama bomba la sindano. Kwa hiyo dakika mbili za kuvuka dimbwi lenye kina baada ya kupanda kilima na abiria zinaweza kudhuru kuliko saa nzima ya manyunyu. Kama hamna budi kuvuka, simameni kwanza mpaka mota ipoe.

Kuhusu kaveera, naomba nipingane na ndugu wa steji. Kontrola hutoa joto na inahitaji hewa. Ukiifunga kabisa kwa plastiki itachemka, na usiku, unyevu uliofungiwa ndani utageuka matone juu ya chuma. Funika upande wa juu tu kama paa, na uache chini wazi. Waya nazo zipange hivi: kila waya unaoingia kwenye kontrola au konekta ushuke kwanza chini ya tundu ndipo upande kuingia, ili tone la maji linaloutambaa lidondokee pale kwenye kona badala ya kuufuata hadi ndani. Kazi hiyo haina gharama. Inataka vifungo viwili vitatu vya plastiki na uvumilivu.

Angalieni pia herufi IP zilizoandikwa kwenye betri, kontrola au mota. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Penye X, tarakimu hiyo haikutajwa. IPX4 ni kinga ya kurushiwa matone tu. IP65 inastahimili maji ya kurushwa kwa bomba la kawaida. IP67 imepimwa kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Lakini vipimo hivyo hufanywa kwa kifaa kipya, na sili, yaani mpira wa kuzuia maji, iliyokwisha kupigwa na jua, vumbi na mashimo ya barabara zetu haiwezi kuhesabiwa kuwa ile ile. Wala hakuna kati ya hizo inayokuruhusu kwenda sehemu ya kuoshea magari ukapuliziwa pampu ya nguvu karibu na ekseli. Nimefungua mota zilizojaa maji ambazo wenyewe waliapa hawakuwahi kuvuka mafuriko, na kumbe zilikuwa zinaoshwa kwa pampu kila Jumapili. Ndoo, kitambaa na sabuni vinatosha.

Mke wako ana haki ya kuuliza. Betri nyingi za pikipiki ni za volti 60 au 72, na ya 72 ikijaa hupita 80, kiasi ambacho si cha kuchezea kwa mikono iliyolowa. Hata hivyo, saketi hiyo imejifunga ndani ya pikipiki na haikuunganishwa na ardhi, kwa hiyo kupita kwenye maji si sawa na kukanyaga waya wa nguzo ulioanguka. Hatari iliyo kubwa zaidi ni chaja inayochomekwa kwenye umeme wa nyumbani wa volti 240 huku plagi imelowa au chaja imewekwa kwenye sakafu yenye maji.

Mwalimu wa Mbale alijibu:

Nashukuru kwa maelezo haya. Mimi ninatumia baiskeli ya umeme kwenda shuleni, na njia yangu inapita kwenye udongo mwekundu ambao mvua za mlimani huugeuza uji. Niligundua kwamba madigadi ya nyuma iliyokuja na baiskeli ilikuwa fupi, na matope yote yalikuwa yakirushwa kwenye betri. Nilishona kipande cha mpira wa tairi kuukuu kwenye ncha yake, kikashuka mpaka karibu na ardhi, na tangu hapo soketi ya betri haijapata tope. Betri yenyewe ikilowa, mimi huianika juani juu ya bati mpaka ikauke, kisha naichomeka kwenye chaja.

Fundi wa Nateete alijibu:

Mwalimu, mpira wako ni dawa nzuri na nitaanza kuwashauri wateja wangu. Lakini kwa heshima nakuomba uache kuianika betri kwenye bati. Bati la saa saba mchana linaweza kupita nyuzi 60 za Selisiasi, na betri ya lithiamu haitakiwi kufikishwa hapo, achilia mbali kuchajiwa ikiwa bado ina joto hilo. Ipanguse, uiweke kivulini penye upepo, na uichaji ikiwa kavu na imepoa.

Betri iliyozama ni habari nyingine kabisa. Hata ikionekana kavu kwa nje, maji machafu ndani yake yanaweza kula viungio polepole na kuleta moto baada ya saa kadhaa, pengine siku kadhaa. Usiichaji, usiilaze ndani ya nyumba, iweke nje mbali na ukuta. Na ninyi wa betri za kubadilishana, nawaomba sana: betri yako ikizama, mwambie mhudumu wa kituo. Najua mtu anaogopa kudaiwa, lakini ukinyamaza betri hiyo jioni itapewa mwenzako, naye ataipeleka nyumbani kwake walikolala watoto.

Dereva wa Jinja alijibu:

Mafundi wamesema ya vyombo, nami niseme ya kuendesha, kwa kuwa nimeendesha boda ya petroli miaka mingi kabla ya kuhamia ya umeme, na ilinibidi nijifunze upya. Ya umeme inatoa nguvu yake yote mara tu unapozungusha mkono. Penye lami kavu hilo ni raha. Penye utelezi gurudumu la nyuma linakwenda pembeni kabla hujajua. Tumieni hali ya mwendo mdogo mvua inaponyesha, na zungusheni mkono taratibu.

Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu vumbi na mafuta ya magari yanaelea juu ya lami. Alama nyeupe za kuvukia watu zinateleza kama sabuni. Kisha kuna breki ya mota, ile inayorudisha chaji unapoachia mkono: inashika gurudumu la nyuma peke yake, na kwenye mteremko wa murramu uliolowa imewahi kunigeuza nikatazama nilikotoka. Kama pikipiki yako inaruhusu kuipunguza, ipunguze msimu wa mvua.

Na maji yaliyofunika barabara, ndugu wa Kalerwe, usiyaamini. Chini yake kunaweza kuwa na shimo au mtaro usio na mfuniko. Mimi nikiwa siioni lami, namwomba abiria radhi na kuzunguka njia nyingine, au tunasubiri pamoja chini ya baraza la duka. Bado sijampata aliyekataa.

Dereva wa Kalerwe alijibu:

Ndugu zangu, nimerudi na habari. Nilitoa betri, nikainua kiti, nikaufuata mkungu wa waya kama nilivyoelekezwa. Konekta ndogo ilikuwa imelazwa chali, mdomo juu, na nilipoifungua maji ya rangi ya chai yalinidondokea kiganjani. Pini ya waya wa njano ilikuwa ya kijani kabisa. Nimeisafisha kwa spiriti, nikaiacha ikauke siku nzima, nikapaka grisi, na nikaifunga ikitazama chini. Leo asubuhi imeondoka bila kusukumwa. Kituoni pia nilieleza kuhusu betri ya siku ile. Mhudumu aliandika namba yake na kuitafuta.

Limebaki jambo moja. Nikiinua gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa mkono, nasikia mlio kama mchanga unaosagwa.

Fundi wa Nateete alijibu:

Hiyo ni beringi. Maji yameosha grisi yake. Usipakie abiria. Ilete kabla ya Jumamosi tuifungue, tubadilishe beringi zote mbili, na nitaziba upya tundu la waya kwenye ekseli ukiwa unaangalia, ili safari ijayo ujue mwenyewe pa kukagua.