Laini Mbps 100, faili la Frankfurt linashuka KB 400 kwa sekunde. Ushauri tafadhali wakuu

Waya Mbovu: Habari zenu wakuu. Ndiye mimi IT pekee kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Kila asubuhi navuta bakapu ya GB 6 kutoka seva yetu iliyopo Frankfurt, inakula masaa manne. Bosi kaanza kuniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nimefungua Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita, naona dirisha la TCP (kanuni za kusafirisha data mtandaoni) limeganda baiti 65,535, halipandi halishuki. Tukihamia Mbps 200 tatizo litaisha?

Kapeto: Hama mtoa huduma. Sisi huku fundi alikuja mara moja, akala wali wetu, akaondoka na ngazi yetu.

Mzee wa Kebo: Nyie mmezaliwa mkongo upo. Kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijafika 2009 tulitegemea setilaiti, kilomita 36,000 juu, pingi (muda wa data kwenda na kurudi) milisekunde 600 siku ikiwa njema. Picha ya harusi unaiacha inashuka, unaenda kuswali, unarudi imeishia kwenye shela. Vumilia, kijana.

BintiFaiba: Pingi hadi Frankfurt ngapi?

Waya Mbovu: 160.

BintiFaiba: Basi Mbps 200 hazikusaidii kitu. Dirisha ni kiasi cha data ambacho mpokeaji anaruhusu kitumwe kabla hajajibu kwamba amepokea. Fikiria pantoni ya Kigamboni: hata bahari uipanue, pantoni ni ileile na safari ni ileile. Baiti 65,535 kila milisekunde 160 ni kama KB 400 kwa sekunde. Piga hesabu ya GB 6 uone kama hupati masaa manne.

Chawa Mstaafu: Wakuu, hii chai. Hesabu imekaa sawa kama ya mwalimu. Jamaa atuwekee kipimo cha spidi.

Waya Mbovu: Nimepima sasa hivi, 94.

Chawa Mstaafu: Si mnaona? Dirisha limeganda halafu 94! Iliki na tangawizi zimo humu.

Kapeto: Navuta kigoda. Nani ana maandazi?

BintiFaiba: Chawa, tulia. Waya, seva ya kipimo iko wapi?

Waya Mbovu: Hapahapa Dar. Pingi 4.

BintiFaiba: Dirisha lilelile kwa milisekunde 4 linapitisha zaidi ya Mbps 100, na vipimo vingi hufungua miunganisho kadhaa kwa mpigo. Ndiyo maana 94 haikwambii lolote kuhusu Frankfurt. Kinachonisumbua mimi ni hiyo 65,535. Ndiyo namba kubwa kuliko zote kwenye biti 16 ambazo TCP ya asili iliyatengea dirisha. Tangu 1992 kuna kizidisho cha kulipanua dirisha hadi karibu GB 1, na Windows za sasa hulikuza zenyewe. Umerekodi tangu mwanzo wa muunganisho? Kizidisho hutajwa kwenye SYN tu, pakiti za kufungua muunganisho; ukianza katikati Wireshark haikijui.

Waya Mbovu: Tangu mwanzo. Kompyuta yetu haitaji kizidisho kabisa.

Mzee wa Kebo: Lingekuwa linashuka hadi 0 ningesema mashine imeshiba, diski au antivairasi inatafuna polepole. Hili limefungwa na mtu. Umegusa nini?

Waya Mbovu: Sijagusa kitu cha maana.

BintiFaiba: Na kisicho cha maana?

Waya Mbovu: Kuna skripti ya kuongeza spidi ya intaneti niliipitisha kwenye kompyuta zote mwezi wa tatu. Ila ilisifiwa sana mtandaoni, na mashine zilikuwa nyepesi kabisa!

BintiFaiba: Fungua CMD, pale pa kuandika amri za Windows, andika `netsh interface tcp show global`, soma mstari wa auto-tuning, yaani Windows kulikuza dirisha yenyewe.

Waya Mbovu: Disabled, imezimwa.

Kapeto: 😂😂😂 Mganga kamroga mwenyewe.

BintiFaiba: CMD ya admin: `netsh interface tcp set global autotuninglevel=normal`. Anza na kompyuta moja, uvute faili lilelile.

Waya Mbovu: Sawa. Lakini Mbps 200 si bado ni wazo zuri? Ofisi inakua.

Chawa Mstaafu: Mbona unaling'ang'ania hilo? Umeshalipia?

Waya Mbovu: Nimesaini fomu. Bosi hajui. Muuzaji ni shemeji yangu, alibakiza mteja mmoja kufikisha lengo la mwezi.

Mzee wa Kebo: Astaghfirullah. Mali ya mwajiri ni amana, kijana.

Chawa Mstaafu: Nafuta kauli yangu. Chai haiwezi kuwa na shemeji wa aina hii.

Waya Mbovu: MREJESHO: nimerudisha kwenye kompyuta moja. GB 6 dakika 11. Dirisha limepanda hadi zaidi ya MB 2. Asante sana dada BintiFaiba. Sasa shemeji anakuja kesho saa nne kuchukua hela, nimwambieje?

BintiFaiba: Kompyuta zilizobaki ngapi?

Waya Mbovu: 22. Ila naulizia shemeji.

Kapeto: Hiyo ipeleke jukwaa la mahusiano.