MREJESHO: Albamu yetu ya bluzi na roki imetoka

Assalaam alaykum wadau. Mwezi uliopita niliuliza mambo mawili: mvumo kwenye gitaa tulivyorekodi nyumbani Mwanakwerekwe, Zanzibar, na vipi tutoe albamu wenyewe bila studio wala msambazaji. Ahsanteni mliojibu, hata yule aliyesema tuuze gitaa tununue ng'ombe.

Mvumo ulikuwa wa tyubulaiti! Nilipoizima, na kuisogeza chaja ya simu mbali na gitaa, kimya. Wiki tatu nimelaumu waya bure. Ikabidi solo zote tuzirekodi upya, gizani, tukimulikiwa na tochi ya simu. Mpiga besi akakanyaga kikombe cha chai, na mlio wake umo kwenye wimbo wa nne, tumeuacha.

Tulikuwa pia na tatizo la sauti ya mwimbaji kumezwa na gitaa, nalo limepona. Hatukuongeza sauti yake, tulipunguza sauti nzito za chini za gitaa.

Nyimbo nane, sita za mtindo wa baa 12 (mzunguko wa bluzi wa vipande 12 unaojirudia). Tumechoma sidii 60 na flashi 20. Duka moja la uchapaji limetugeuzia picha ya jalada, sote tunaonekana wa mashoto. Hela hawarudishi.

Ami yangu, mtu wa taarab, alisikiliza yote, akauliza, "Udi uko wapi? Kanuni je?", yaani zile ala za nyuzi za taarab. Nikamwambia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi, sisi tumevuka sebule tu. Akacheka, akanunua mbili.

Kusajili albamu COSOZA (ofisi ya hakimiliki Zanzibar) bado, Jumatatu naenda inshallah.