Fundi wa karatasi ya silva kaniambia joto ni la umri wangu, MBELE YA MAMA MKWE

Mama Wawili:
Wakuu, nimetukanwa nusu saa iliyopita. Glasi aliyonywea bado iko mezani, sijaiosha kwa hasira.

Ni yule yule. Jina sitaji, mnamjua. Wa pikipiki yenye ngazi pembeni, anayejibu kila kitu "hiyo ndogo, bosi". Mwezi wa kumi nimempa laki nane aniwekee ile karatasi ya silva chini ya bati, ipunguze joto darini. Aliniapia Januari nitalala na blanketi. Dar es Salaam! Blanketi!

Januari hii hapa. Saa nane mchana ukikaa sebuleni unasikia jipsam inakupumulia kichwani. Ukiweka yai darini, jioni unateremsha kifaranga. Watoto wamehamia chini ya mwembe na madaftari yao, na feni inachosambaza ni mvuke.

Nikamwita. Kaja, kakaa kwenye kochi, nikampa juisi ya ukwaju yenye barafu. Mama mkwe yuko pale, kaja tangu Jumamosi. Namweleza fundi kwa adabu kabisa. Ananisikiliza, glasi kaibandika shavuni ajipoze, jasho linamtiririka kidevuni linadondokea KWENYE JUISI, halafu anasema: "Dada yangu, nyumba haina joto. Mwanamke akifika umri fulani joto linatoka mwilini. Kapime homoni."

Nina miaka 38.

Mbele ya mama mkwe. Na mama mkwe kaweka kikombe chini, kasema "Mmh." Ile mmh mnaijua.

Akaondoka, nikachukua ngazi nikapanda mwenyewe. Upande unaong'aa kaugeuza juu, umelaliana na bati. Huku chini nakotazama mimi ni plastiki nyeupe tupu. Na matundu ya hewa pembeni mwa paa kayaziba yote kwa povu, eti popo wasiingie. Popo gani aingie kwenye tanuri? Nikashika ile karatasi, nikarudisha mkono kama nimegusa pasi.

Halafu homoni ni zangu! Na jasho lake linadondokea kwenye juisi yangu!

Kenchi Mbovu:
Pole dada. Ila ulienda kupima?

Mgosi wa Dari:
Mimi ni fundi, siyo huyo. Kakosea, na kakosea pabaya. Ile karatasi haizuii joto la kugusana, inazuia joto la mnururisho, lile linalokufikia hata hujagusa kitu, kama ukikaa mbele ya jiko la mkaa. Uso unaong'aa lazima utazamane na hewa, uwe na nafasi ya sentimita 2 au zaidi. Ukiugusanisha na bati, joto linapita moja kwa moja kama kwenye sufuria, na ile plastiki ya chini inakumwagia lote. Mng'ao ungetazama chini, darini, ungefaidi. Hata vumbi halikai kirahisi uso ukitazama chini. Na matundu zibua leo, weka wavu wa popo.

Mama Wawili:
Asante mkuu. Sasa hayo angeniambia yeye. Yeye kaniambia homoni. Mbele ya mama mkwe.

Sina Presha:
Laki nane tu? Wa kwangu alichukua milioni na nusu ya vigae vya choo akahamia Morogoro na namba kabadilisha. Wewe wako hata kaja kunywa juisi. Shukuru.

Kenchi Mbovu:
Mama mkwe mwenyewe aliona joto au hakuona? Hilo hujalisema. Tuanzie hapo.

Mama Wawili:
Alikuwa anajipepea na kawa!! Toka asubuhi! Na bado kasema "Mmh"!

Kenchi Mbovu:
Basi na yeye akapime.

Umeme Mdogo:
Wakuu tusicheke tu, karatasi ile ni aluminiamu, inapitisha umeme. Australia mwaka 2009 serikali iligharamia watu waweke vizuia joto darini. Vijana wanne waliokuwa wakifanya kazi ile walikufa, watatu kwa shoti, mmoja kwa joto la humo darini. Februari 2010 karatasi za namna hiyo zikasimamishwa kwenye mpango ule. Dada, kabla hujapanda tena zima swichi kubwa, angalia kama hajapigilia pini karibu na nyaya.

Mama Wawili:
Mungu wangu. Na nilipanda na kandambili zimelowa.

Sina Presha:
Mnaongelea nyaya, mimi nyumba nzima fundi umeme kaweka soketi nyuma ya kabati. Kuchaji simu nahamisha nguo.

Bin Bagamoyo:
Nyie mlikimbia makuti mkaona ushamba. Nyumba ya bibi yangu saa nane mchana unalala usingizi wa kukoroma, hakuna silva wala feni. Bati ndilo adui yenu.

Mgosi wa Dari:
Makuti yanakaa miaka mingapi mkuu? Na cheche moja ya jirani?

Bin Bagamoyo:
Yakisukwa vizuri, yakabanwa vizuri, unasahau. Wasukaji ndio wameisha.

Sina Presha:
Mimi wa makuti alinipiga laki tatu. Mvua ya kwanza tulilala na mabeseni kitandani.

Mama Wawili:
Jamani turudi kwenye mada. Huyu mtu kaketi kwenye kochi langu, jasho linamdondoka, akaniambia mimi, mbele ya mama mkwe

Kenchi Mbovu:
Bin Bagamoyo, kuti moja sasa hivi ni bei gani huko? Nina banda la kuku.

Bin Bagamoyo:
Njoo inbox.