Kuhesabu viumbe wadogo wa miambani kwa kuzamia, naanzia wapi?

mtoto_wa_chumbageni: Wakuu habari zenu. Nasoma sayansi ya bahari, nina kile cheti cha mwanzo cha kuzamia mwisho mita 18, sasa utafiti wangu nataka nifanye vile vidude visivyo na mwenyewe, yani sifongo, konokono wa baharini wasio na gamba na vinavyojificha chini ya matumbawe yaliyokufa. Ripoti zote nnazofungua ni samaki na matumbawe tu. Njia ya samaki itafaa?

Kidau: Haifai sana. Ya samaki unatandaza tepu ya mita 50 unaogelea unahesabu mkanda wa mita 5, kwa spidi hiyo kidude cha sentimita 1 utakiona saa ngapi? Tumia tepu hiyohiyo ila weka fremu ya nusu mita kwa nusu mita kila baada ya umbali uliopanga, piga picha, andika kina na saa kwenye kibao cha plastiki, penseli ya kawaida inaandika vizuri tu majini. Jiwe ukiligeuza LIRUDISHE lilivyokuwa, vya chini vikiachwa juani vinakufa. Na kabla ya yote jifunze kuelea pale pale bila kupiga mapezi, maana mzamiaji asiyetulia anavunja mwamba anaokuja kuuhesabu afu anatibua mchanga picha zote ukungu.

Mama Pweza: Mwanangu mbona unakimbilia mtungi? Bamvua, zile siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanakimbia mbali, nenda kwa miguu na kinamama wanaochokoa pweza, wanajua kila shimo. Maji mafu, zile siku bahari haijai wala haitoki sana, ndo uzamie, mkondo unakuwa mdogo. Jina watakalokupa liandike kama lilivyo hata kama linabeba aina tatu, picha itakuja kuzitenganisha.

mtoto_wa_chumbageni: Shikamoo mama, hilo sikuliwaza kabisa. Na nikikuta kitu hakimo kwenye vitabu?

Kidau: Usikipachike jina kwa kubahatisha, andika "sifongo njano namba 1" uendelee. Sifongo wengi hata bingwa hawatambui kwa picha, mpaka aangalie vijimiba vya ndani kwa hadubini, kwa hiyo utahitaji kipande, na kipande ni kibali. Anza mapema na COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, na kama ni ndani ya hifadhi ya bahari kuna ruhusa yao pia.

nahodha_mstaafu: Vipya vipo bana. Zanzibar hapo 2019 alitangazwa samaki mpya wa zambarau, Cirrhilabrus wakanda, anakaa kwenye miamba ya mita 50 na zaidi ambako wazamiaji wa kawaida hawafiki. Wewe usimfuate huko, baki kwenye 18 zako na mwenzio pembeni. Tena panga msimu wa kaskazi, masika mito ikishusha tope utaona mkono wako tu.

mtoto_wa_chumbageni: Shukrani wote, naanza na barua ya kibali wiki hii. Mama Pweza bamvua ijayo naomba nifuatane na nyie.

Mama Pweza: Marahaba, karibu. Vaa viatu vigumu, miba haina ndugu.